Hesabu Majani Kabla ya Kuhesabu Vikapu: Mwongozo wa Kubuni kwa Nyuzi za Mimea ya Asili Pamoja na Jamii za Vijijini

Oda ya vikapu mia tano ikifika kijijini, watu hufurahi. Miezi miwili baadaye wanaokwenda kukata ukindu wanaanza kuchelewa kurudi, kwa sababu mikindu ya karibu imekwisha kunyofolewa chipukizi na sasa inabidi watembee mbali zaidi. Mwaka unaofuata mbunifu anarudi na oda kubwa kuliko ile ya kwanza, anaambiwa malighafi imeadimika, naye anapendekeza kamba za plastiki zenye rangi inayofanana. Mambo ya namna hii yametokea sehemu nyingi za dunia, na mara nyingi chanzo chake ni mbunifu aliyechora kwanza akauliza baadaye.

Mwongozo huu unakwenda kinyume na hapo. Unaanza na mmea na watu wanaoujua, na mchoro unakuja karibu na mwisho. Ni njia ya polepole. Lakini nyuzi za asili hazitoki kiwandani, zinaota, na kasi ya kuota ndiyo inayopanga kila kitu kingine: ukubwa wa oda, tarehe ya kupeleka mzigo, hata umbo la bidhaa.

1. Fika bila mchoro

Safari ya kwanza usibebe mchoro wala sampuli ya bidhaa ya watu wengine. Nenda ukasikilize. Onana kwanza na wazee au viongozi wanaotambuliwa na jamii yenyewe, kisha omba ruhusa ya kukaa na wanaosuka. Msemaji wa mkutano mara nyingi si ndiye anayeshika sindano. Wasukaji wengi ni wanawake, na wapo wasiofungua mdomo mbele ya hadhara lakini ukikaa nao chini wanakueleza mambo ambayo hakuna kitabu kimeyaandika.

Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa mwaka 2007, linazungumzia ridhaa ya hiari, inayotolewa mapema na kwa taarifa kamili. Kifungu cha 31 kinatambua haki ya jamii hizo kutunza, kudhibiti na kulinda maarifa na sanaa zao za jadi. Maneno hayo yana maana ya kila siku. Hiari ni kwamba wanaweza kukataa bila kupoteza chochote, hata msaada mwingine uliokwisha kuahidiwa. Mapema ni kabla wewe hujampa mnunuzi neno lako. Taarifa kamili ni kwamba wanajua mnunuzi ni nani, anataka vingapi, vitauzwa wapi, na picha unazopiga zitatumika kwa kazi gani.

Ukishaeleza, ondoka. Waache wajadiliane kwa lugha yao bila wewe kuwasikiliza. Wakisema watakujibu baada ya mavuno, subiri mavuno. Na wakisema "hili sawa, lile hapana," andika yote mawili vilevile walivyosema, maana ile hapana ndiyo itakayosahaulika kwanza kama haikuandikwa.

2. Jifunze mmea kwa anayeukata

Hakikisha kwanza kwamba mmea unaouita wa asili ni wa asili kweli. Mkonge umezoeleka Afrika Mashariki kiasi kwamba wengi wanaamini uliota hapo tangu zamani, kumbe asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Hiyo haiufanyi mkonge kuwa uzi mbaya. Ila mmea wa shambani una masharti yake, na mmea wa porini unaobeba ndege, nyuki na kingo za mto una masharti mengine.

Kisha fuatana na mkataji siku nzima. Usiende kumhoji, nenda kumbebea mzigo. Utaona anaruka mti gani na anachukua upi, na hapo ndipo maswali ya maana yanapopatikana. Kwa nini huu umeuacha? Sehemu gani hukati kabisa? Ni majira gani uzi unakuwa dhaifu? Eneo hili ni la nani, na nani haruhusiwi kukata hapa? Mmea huu unatumika kwa nini kingine: dawa, paa, chakula cha mifugo? Kila matumizi mengine ni mtu mwingine anayeutegemea, na bidhaa yako haina haki ya kumpokonya.

Zingatia pia uzi unatoka sehemu gani ya mmea, maana kila sehemu ina namna yake ya kupona. Jani la pembeni likikatwa, mmea unaendelea. Chipukizi la katikati, lile ambalo halijafunguka na ambalo wasukaji hulipenda kwa ulaini na weupe wake, likichukuliwa mara kwa mara mti hudhoofika. Mafunjo na matete huchipua tena kutoka kwenye mashina yaliyo chini, ila yakikatwa mfululizo bila kupumzika akiba ya mashina hayo inaisha. Gome ndilo la hatari kuliko yote, kwani mti uliochunwa mzunguko mzima bila uangalizi kwa kawaida hufa. Hata hivyo, Waganda wamechuna gome la ndani la mutuba, yaani Ficus natalensis, kwa vizazi vingi na mti ukabaki hai: shina linafungwa majani ya mgomba baada ya kuchunwa, gome jipya linaota, na mti huohuo unachunwa tena miaka inayofuata. Kinachouponya mti huo ni maarifa ya watu, na ndiyo maana mbunifu anayefika kwa ajili ya gome na kuwapita wenye maarifa hayo hatakaa muda mrefu.

3. Hesabu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua kamba ya mita 100. Inyooshe porini bila kuchagua njia rahisi, tembea nayo, na mhesabu kila mmea ulio ndani ya mita 5 upande wa kulia na mita 5 upande wa kushoto. Eneo hilo ni mita za mraba 1,000, yaani sehemu ya kumi ya hekta. Rudieni angalau mahali patano, pakiwemo penye mimea mingi na penye michache. Mnapohesabu, gawanyeni makundi: miche, mimea michanga, iliyokomaa, na iliyokufa au kukatwa kichwa. Pori linaweza kuonekana limejaa kumbe ni mimea mikubwa mitupu bila mche hata mmoja chini yake. Hiyo ni dalili mbaya kuliko pori lenye mimea michache ya kila umri.

Sasa pigeni hesabu pamoja, kwa kijiti mchangani kama daftari halipo. Namba zifuatazo ni za mfano tu. Tuseme mmehesabu mikindu iliyokomaa 900, na mmekubaliana theluthi moja isiguswe kabisa. Inabaki 600. Mkindu mmoja unatoa chipukizi 10 kwa mwaka, na wakataji wanasema ukichukua zaidi ya 4 mti unaanza kutoa majani mafupi. Basi 600 mara 4 ni chipukizi 2,400. Watu wa kijiji wanahitaji 600 kwa mikeka na vikapu vyao wenyewe. Hizo zinatoka kwanza, hazisubiri soko. Zimebaki 1,800. Kikapu kimoja kinakula chipukizi 6. Oda yako kwa mwaka ni vikapu 300, na hapo bado hujatoa zinazoharibika wakati wa kuanika.

Mnunuzi anataka 1,000? Mweleze kwamba pori linatoa 300. Mbunifu ana njia kadhaa hapo, na zote ni kazi yake halali: kubuni kitu kidogo chenye thamani kubwa zaidi, kupunguza uzi unaopotea, kugawa oda kwa misimu mitatu, au kuchanganya na uzi mwingine uliopo kwa wingi. Gugumaji, kwa mfano, asili yake ni Amerika Kusini na limevamia maziwa na mito ya nchi nyingi. Mabua yake yakikaushwa husukika vizuri, na kulivuna hakuumizi mazingira ya mahali lilipovamia. Mnaweza pia kuotesha vitalu, lakini msihesabu mavuno ya kitalu kabla miche haijakomaa.

Hesabuni na mimea ya rangi. Watafiti waliofanya kazi kaskazini-magharibi mwa Botswana miaka ya 1980, wakati biashara ya vikapu ilipokuwa imeshamiri, waliangalia mokola, ambao ni ndugu wa mkoma wetu, wakakuta kwamba na miti ya rangi, hasa Berchemia discolor, ilikuwa inaumia kwa kuchunwa. Kila mtu anautazama uzi. Rangi inaisha kimyakimya.

Mwisho wa hatua hii, wekeni alama. Chagueni mimea 20 inayofanana, fungeni uzi mwekundu kwenye 10 itakayovunwa na mweupe kwenye 10 isiyovunwa. Pimeni urefu wa jani jipya na muandike tarehe. Mtairudia kazi hii kila msimu.

4. Kuvuna

Maori wa New Zealand wanavuna harakeke, mmea wenye majani marefu yanayokaa kama feni. Jani changa la katikati wanaliita rito, nalo ni kama mtoto, na majani mawili yanayolikumbatia ni wazazi wake. Hayo matatu hayakatwi. Yanakatwa ya nje tu, na kisu kinakwenda kwa mshazari kuelekea chini ili maji ya mvua yateleze yasiingie moyoni na kuuozesha mmea. Huwezi kupata mafunzo ya mavuno endelevu yaliyo mafupi na yanayokumbukika kuliko hayo. Ulizia kama jamii unayofanya nayo kazi ina kanuni ya namna hiyo. Mara nyingi ipo, ila vijana hawajafundishwa kwa kuwa soko lilikuja kabla ya somo.

Wakati mwingine tatizo ni kisu tu. Wawunana wa Kolombia na Panama husuka vikapu maarufu kwa nyuzi za mti wa jamii ya mikindu ambao shina lake limejaa miiba mirefu. Haukweleki, kwa hiyo ulikuwa ukiangushwa mzima kwa ajili ya chipukizi la juu. Ufumbuzi uliosaidia Kolombia ni kisu cha umbo la mwezi mchanga kilichofungwa kwenye ufito mrefu, mtu anakata akiwa chini na mti unabaki umesimama. Kama una fedha kidogo za mradi, anza na kitu cha aina hiyo kabla ya kununua mabango na fulana.

5. Kuandaa uzi na kutia rangi

Hapa wasukaji wanajua kuliko wewe, kwa hiyo nitataja machache tu yanayomhusu mbunifu.

Pima uzani. Pima majani mabichi, pima nyuzi kavu zilizopatikana. Jani la mkonge hutoa nyuzi kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wake. Zinazobaki ni maji na machicha. Ukijua kiwango cha mmea wako ndipo utaelewa mzigo anaoubeba mtu kichwani kwa ajili ya mfuko mmoja. Machicha yapelekwe shambani yakawe mbolea, yasitupwe mtoni, kwani yakioza humaliza hewa ya samaki majini.

Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye matope au maji ya pwani kwa miezi mingi kabla ya kupigwapigwa na kutoa usumba. Muda huo haufupishiki kwa kubembeleza. Uingize kwenye ratiba.

Kuhusu rangi: nyuzi za mimea hazinywi rangi kirahisi kama sufu. Zianze kulowekwa kwenye maji yenye tanini, yanayotokana na magome au maganda ya matunda yenye ukakasi, ndipo zichovywe kwenye shabu. Kwa kilo 1 ya nyuzi kavu, gramu 100 mpaka 150 za shabu zinatosha. Epukeni kabisa dawa za kushikisha rangi zenye kromi. Ni sumu kwa anayechemsha na kwa wanaoteka maji chini ya mto. Matawi ya kupogolewa, majani na maganda ya matunda yatumike kabla ya mizizi na magome. Na kama wasukaji wanapenda rangi za dukani zinazong'aa, usiwakataze kwa sababu tu mteja wako anapenda rangi za udongo. Ni bidhaa yao kabla haijawa yako. Zungumzeni juu ya glavu, moshi na maji machafu, kisha mwamue pamoja.

6. Sasa chora

Mchoro mzuri unaanzia kwenye kipimo cha mkono. Chukua mfano wa ukili. Msukaji anachana jani la mkindu kuwa chane nyembamba, kwa sindano au kwa ukucha wa kidole gumba, anazipanga, anasuka mkanda mrefu, halafu mkanda huo unashonwa ukizungushwa mpaka uwe mkeka au kapu. Upana wa ukili unatokana na idadi ya chane. Ukichora kapu lenye kimo cha sentimita 37 na ukili wake una upana wa sentimita 5, utakuwa umemwomba afanye mizunguko saba na sehemu ya mzunguko. Hiyo sehemu itabidi ikunjwe au ikatwe, na ukingo uliokatwa ndio unaofumuka kwanza. Chora sentimita 35, kapu linajimaliza lenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kalamu, kaa ujifunze kusuka. Hutakuwa fundi, wala si lazima. Siku tatu za kuharibu chane zinatosha kukuonyesha kona ipi inauma vidole, mshono upi unachukua nusu ya muda, na kwa nini duara ni rahisi kuliko mraba.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Kama nakshi ni mpya, umbo liwe la zamani. Kama umbo ni jipya, rangi na nakshi ziwe wanazozijua. Nimeona sampuli zenye umbo jipya, rangi mpya na nakshi mpya kwa pamoja. Zikikosewa hakuna anayejua kosa liko wapi, na lawama zinamwangukia msukaji.

Vipimo usivitoe kwa karatasi peke yake. Kata vijiti viwili, kimoja cha upana na kimoja cha kimo, vipake rangi, mpe kila msukaji seti yake. Kwa maumbo magumu tengenezeni kalibu ya mbao ambayo kapu linasukwa juu yake. Halafu kubali tofauti ndogo. Sentimita moja juu au chini kwenye kitu cha mkono ni halali, na mnunuzi aambiwe hivyo kwa maandishi tangu mwanzo.

Fikiria pia mwisho wa bidhaa. Kapu la ukindu tupu likichakaa linaoza na kurudi ardhini. Ukilibandikia kitambaa cha nailoni kwa gundi na kulipaka vanishi ya plastiki, umetengeneza taka isiyooza wala isiyotengenezeka. Bitana ikihitajika, iwe ya pamba na ishonwe kwa mshono unaofumulika. Mpini wa ngozi ufungwe badala ya kugandishwa, ili ukikatika ubadilishwe na kapu liendelee na kazi. Mabaki ya chane fupi yapangiwe kazi kwenye mchoro uleule: vishikio, vifungo, vibao vya majina.

7. Sampuli, na kuzitesa

Tengenezeni sampuli tatu za kila bidhaa, zisizotoka mkono mmoja. Moja ibaki kijijini kama rejea ya ubora, moja uende nayo, moja iharibiwe kwa majaribio.

Ya kuharibu itundikwe ikiwa na mchanga wenye uzito mara mbili ya utakaobebwa, kwa siku nzima. Isuguliwe kwa kitambaa cheupe kibichi kuona kama rangi inatoka. Kipande kifunikwe nusu kwa karatasi nzito na kiachwe juani wiki mbili. Ukifunua utaona kwa macho yako kiasi rangi ilivyopauka. Kipande kingine kifungwe kwenye mfuko wa plastiki mahali penye joto na unyevu kwa wiki mbili ili uone kama kinaota ukungu. Hewa yenye unyevunyevu wa zaidi ya asilimia 70 kwa muda mrefu inatosha kuuotesha, na kontena la meli linafika hapo bila shida.

Hapa nina jambo la kukiri. Kwenye kazi yangu moja ya mwanzoni nilikuwa na haraka. Niliona chane zilizolowa sana zinasukika upesi, nikahimiza zilowekwe usiku kucha. Mama mmoja mtu mzima alisema zinahitaji unyevu tu, za kufunikwa kwa kitambaa kibichi, si za kuloweshwa. Nilimjibu kwa heshima lakini sikumsikiliza. Vikapu vilipendeza siku ya kwanza. Vilipokauka kila chane ilisinyaa, ususi ukalegea, ukiingiza kidole unaona mwanga. Uzi uliolowa huvimba, ukikauka hurudi wembamba wake. Vikapu vile vilifumuliwa, na wasukaji walilipwa mara mbili kwa sababu kosa halikuwa lao. Tangu siku ile, fundi akisema kitu kuhusu maji, ninaandika.

8. Malipo

Bei isianzie kwenye "soko linalipa ngapi." Ianzie kwenye saa. Mwombe msukaji wa kasi ya kawaida, si yule hodari kuliko wote, atengeneze vipande vitatu, na mhesabu muda wote: kutembea kwenda kukata, kukata, kubeba, kuchana, kuanika, kuchemsha rangi, kusuka, kushona, kukata mabaki. Watu wengi wanahesabu kusuka peke yake, na wakijumlisha kazi ile nyingine wanagundua kwamba kusuka kulikuwa sehemu ndogo tu. Zidisha saa kwa ujira ambao jamii yenyewe inaona ni wa haki kwa kazi ya ujuzi. Ongeza malighafi, usafiri, na fungu la kutunza pori: vitalu, walinzi, siku za kuhesabu. Hapo umepata bei ya msukaji. Faida yako inaongezwa juu yake, haitolewi ndani yake.

Toa malipo ya awali. Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani zinataka wazalishaji wa kazi za mikono walipwe angalau asilimia 50 mbele bila riba wakiomba. Anayesuka bila kulipwa mpaka mzigo ufike bandarini anaikopesha biashara yako kwa njaa ya watoto wake. Mkataba uwe mfupi, kwa lugha wanayoisoma au kusomewa, na useme nani anabeba hasara kama mnunuzi akighairi. Asiwe msukaji.

Ratiba ifuate kalenda ya kijiji. Miezi ya kulima hakuna oda. Msiba ukitokea tarehe inasogea, na hilo liandikwe kwenye mkataba ili asilazimike mtu kuomba msamaha kwa kuzika.

9. Jina na nakshi

Kofia inayoitwa "Panama" husukwa Ecuador, kwa nyuzi za Carludovica palmata. Ilipata jina la nchi nyingine kwa sababu ilipitia huko ikienda sokoni. UNESCO iliuandika ususi wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2012, na bado duniani wengi wanaamini inatoka Panama. Jina likishapotea halirudi kirahisi. Kwa hiyo kibao cha bidhaa kitaje jamii na mmea kwa majina wanayoyatumia wao, na jina la msukaji kama yeye mwenyewe amekubali liandikwe.

Nakshi ziulizwe moja moja. Zipo za kila mtu, zipo za ukoo, na zipo zisizouzwa. Watboli wa kusini mwa Ufilipino hufuma kitambaa kiitwacho t'nalak kwa nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya migomba, na nakshi zake hupokewa ndotoni. Lang Dulay, aliyetunukiwa hadhi ya hazina hai ya taifa mwaka 1998, alijulikana kwa kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2015. Nakshi ya namna hiyo huwezi kuipiga picha na kuichapa kwenye mito ya makochi. Panama ilipitisha Sheria namba 20 mwaka 2000 kulinda haki za pamoja za jamii za asili juu ya kazi zao, na mwaka 2019 Nike waliondoa kiatu kilichokuwa na nakshi za mola, vitambaa vya kushonwa vya Waguna wa Panama, kabla hakijaanza kuuzwa, baada ya Waguna wenyewe kupinga.

Kama umegundua pamoja nao matumizi mapya ya mmea, kwa mfano dawa ya kuua wadudu au uzi wa viwandani, hapo suala linavuka ubunifu wa kawaida. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inahusu kugawana faida kutokana na rasilimali za kijenetiki na maarifa yanayoambatana nazo. Tafuteni mwanasheria anayeijua kabla ya mtu yeyote kuandikisha hataza.

10. Kufunga na kusafirisha

Kausha mpaka chane zitoe mlio mkavu zikikunjwa, funga kwa karatasi au kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa, usifunge kwa nailoni. Wadudu wanaotoboa wanaweza kuuawa bila sumu kwa kugandisha bidhaa kavu kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, ikiwa imefungwa vizuri ili isipate unyevu wakati wa kuyeyuka. Nchi nyingi zinadai cheti cha afya ya mimea. Kiulizieni kabla ya kusuka, kwa sababu kuna mimea na mbegu za mapambo zisizoruhusiwa kuingia kabisa.

11. Rudi kwenye mimea ya uzi mwekundu

Mzigo ukishaondoka na malipo yamekamilika, rudi. Leta bidhaa moja iliyouzwa, picha za mahali ilipouzwa, na maneno ya wateja, mabaya na mazuri. Kisha nendeni pamoja porini na rula mpaka kwenye ile mimea 20. Pimeni jani jipya la mmea wenye uzi mwekundu na la mmea wenye uzi mweupe. Yakiwa sawa, oda ya mwaka ujao inaweza kubaki ilivyo. La mwekundu likiwa fupi, punguzeni oda siku hiyohiyo, pale pale mlipo, na umpigie simu mnunuzi wasukaji wakiwa wanasikia.